Akitekcha ya softwea chuoni: ukomae na darasa, projekti, fildi au open sosi?

Dirisha la kusajili masomo likifunguliwa tu, madogo wa mwaka wa tatu wanaanza kuulizana lile somo la hiari la usanifu wa softwea (namna ya kuugawa mfumo vipande na kuvipanga), ambalo wote tunaliita akitekcha, linalipa au linakuja kushusha GPA tu, na si bora mtu achukue kasomo kepesi kengine halafu haya mambo aje kuyajulia kazini. Swali zuri, ila limebanwa sana, maana mwanafunzi aliyeko chuo ana njia nne za kujifunza hii kitu: kuna darasa lenyewe, kuna projekti ya mwisho, kuna fildi (mafunzo kwa vitendo ofisini), na kuna kujiunga na mfumo wa open sosi, yaani ule ambao kodi yake (maandishi ya programu) iko wazi kwa kila mtu, unaotumika kweli na watu. Nazilinganisha hapa ili mtu ajue jasho lake alimwage wapi.

Kipimo changu ni kimoja na nitakirudia mpaka mchoke: je, hiyo njia itakulazimisha urudi kubadilisha kitu ambacho tayari kimeshajengwa? Kujenga mara ya kwanza sio ishu, fremuweki kama Laravel, Django au Spring zinakupangia mpaka mafolda, wewe unajaza tu. Shughuli inaanza pale mteja anaposema "nimebadilisha mawazo", hapo ndo unajua kama ulipanga au ulirundika. Njia isiyokufikisha hapo inakupa msamiati tu. Msamiati nao una kazi yake, ila usiulipie bei ya ujuzi.

Darasa

Naanza na darasa kwa sababu linasemwa vibaya kuliko linavyostahili. Vyuo vingi mtiririko unafanana, unapigwa kwanza OOP (kuandika programu kwa klasi na objekti) na uchambuzi wa mifumo, unachora michoro ya UML, ile ya kuonyesha mfumo ulivyo, mpaka mkono unauma, halafu baadaye ndo inakuja akitekcha yenyewe, la lazima au la hiari kutegemea digrii yako. Digrii ya Software Engineering, kama ile ya CIVE, koleji ya TEHAMA pale Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM), huwa inayapa haya mambo nafasi kubwa kuliko Computer Science ambayo inabidi igawane muda na algorithimu, hesabu na mifumo endeshi. Kwa hiyo aliyeko Software Engineering hana sana cha kuchagua, wa Computer Science ndo mwenye kiulizo.

Kitu kikubwa cha darasa ni kwamba kuna mawazo ambayo kazini hakuna atakayekaa akufundishe. Mfano mtaalamu wa softwea David Parnas mwaka 1972 aliandika makala fupi tu, akachukua programu ndogo ya kutengeneza faharasa, akaigawa moduli, yaani vipande, kwa namna mbili. Ya kwanza ni kufuata hatua za kazi: soma, zungusha maneno, panga, chapa, yaani vile ambavyo karibu kila mtu angegawa. Ya pili akauliza kwanza ni maamuzi gani yanaweza kubadilika huko mbele, kisha kila uamuzi akaufungia ndani ya moduli yake ili wengine wasiujue. Zote mbili zinafanya kazi, mtumiaji hawezi kuona tofauti. Ila badilisha tu jinsi maneno yanavyohifadhiwa, ile ya kwanza unagusa karibu moduli zote, ya pili unagusa moja.

Ukiona hilo ni la kizamani angalia simu yako. Mwishoni mwa 2024 huduma ya pesa kwa simu ya Tigo Pesa ikawa Mixx by Yas. Sasa fikiria mfumo wa duka ambao mtu aliuandika na kolamu inaitwa tigo_pesa kwenye databesi, ripoti zinatafuta neno hilo, risiti inachapa neno hilo, na kwenye kodi kuna if tigo, if mpesa, if airtel imesambaa kwenye mafaili kumi na kitu. Jina limebadilika siku moja na wewe unashinda wiki unafukuza maneno, tena ukiacha moja tu ripoti ya mwezi inapungua hela na mhasibu anakutafuta. Aliyemuelewa Parnas ana moduli moja ya malipo, ndani kuna intafesi (mlango mmoja wa kuingilia) yenye vitu vichache, omba malipo, angalia hali, rudisha hela, kila mtandao una klasi yake nyuma ya hiyo intafesi, na jina la kumuonyesha mteja linakaa kwenye setingi. Yeye anabadilisha mstari mmoja anaenda kula. Hiyo ndo adapta mnayokaririshwa, moja ya zile paterni 23 za usanifu kwenye kitabu maarufu cha mwaka 1994, ila ukisomeshwa kwa mfano wa plagi ya umeme ya Ulaya huwezi kuiona inavyookoa mtu.

Na hapo ndo ugonjwa wa darasa ulipo. Unaweza kupata A kwa kutaja mitazamo ya 4+1 ya Kruchten ya 1995 (njia ya kuueleza mfumo kwa pande tofauti) kwa mpangilio, ukachora mchoro wa klasi wenye mishale yote sahihi, na hujawahi kubadilisha mfumo wowote baada ya kuumaliza, maana asaimenti ikishakusanywa imekufa, hakuna anayekurudishia wiki ya kumi akuambie sasa ongeza tawi la pili la duka. UE (mtihani wa mwisho wa semesta) inapima kumbukumbu kwa sababu kumbukumbu ni rahisi kusahihisha kwa wanafunzi mia na zaidi, simlaumu lekchara. Kwa kipimo changu darasa linaanguka, isipokuwa kwa walimu wachache wanaotoa asaimenti ya pili juu ya ile ya kwanza. Ukisikia lekchara wa hivyo yupo chuoni kwenu mfuate hata kama somo lake limepangwa Ijumaa jioni.

Projekti ya mwisho

Hii ndo ningeipa uzito mkubwa kuliko zote, kwa masharti. Una semesta mbili, una supavaiza, na kama ni ya grupu basi utakutana uso kwa uso na kile alichosema Melvin Conway mwaka 1968, kwamba watu wakiunda mfumo wanaishia kunakili jinsi wanavyowasiliana. Grupu la watu watano ambao wawili hawaongei tangu mambo ya mwaka wa kwanza, nakuhakikishia mfumo wao utakuwa na sehemu mbili ambazo nazo haziongei, data ya mmoja haisomeki na mwenzie, na siku ya prizenteshen wanajaza kwa mkono kwenye databesi ili skrini ionekane imejaa. Wanaolijua hilo mapema wanagawana kazi kwa kufuata moduli, sio kwa kusema wewe frontendi (skrini za mtumiaji) wewe bekendi (seva na databesi) halafu kila mtu anamsubiri mwenzie.

Mtego mkubwa wa miaka hii ni maikrosevisi, yaani kuugawa mfumo kuwa huduma ndogondogo zinazoendeshwa kila moja peke yake. Mtu anasikia kampuni kubwa zinatumia basi na yeye mfumo wa kusimamia hosteli ya chuo anaugawa huduma sita, kila moja na databesi yake, foleni ya ujumbe katikati, Docker (ya kufunga kila huduma kwenye kontena lake) juu yake, na laptopu ni ya RAM GB 8 ambayo ukiwasha vyote na Chrome inaanza kulia feni. Wadau, maikrosevisi zilikuja kutatua tatizo la timu nyingi zinazotaka kutoa apdeti bila kusubiriana. Wewe una timu moja, tena nusu yake ipo kwao mpaka test wiki ianze. Ukizigawa unarithi matatizo ya mtandao ambayo hukuwa nayo: huduma moja imekata, nyingine imeshakata hela, ya tatu haijui kilichotokea. Monolithi moja, yaani programu moja nzima, yenye moduli zilizotengana vizuri ndani yake inakufundisha akitekcha ile ile, mipaka ile ile, na siku ya kudifendi (kuitetea projekti mbele ya wasahihishaji) inawaka. Supavaiza akisema mbona hujatumia maikrosevisi mjibu kwa sababu, hilo jibu lenyewe lina maksi.

Halafu projekti inakupa kitu ambacho darasa haliwezi, yaani ulimwengu wa nje unaokuvurugia mchoro. Chukua malipo tena. Ukichora mchoro wa mfuatano darasani inakuwa mteja anabonyeza lipa, mfumo unaomba, mtandao unajibu sawa, kwisha. Sasa kaunganishe STK push kweli, ile ya menyu kumtokea mteja aweke namba ya siri. Jibu la kwanza unalopata linasema tu ombi limepokelewa, halisemi hela imelipwa. Jibu la hela linakuja baadaye kupitia kolbeki, ujumbe ambao mtandao wa simu unautuma kwenye anwani uliyowapa wewe. Inaweza kuchelewa, mteja anaweza kughairi, seva yako inaweza kuwa imelala muda ule, au kolbeki ile ile ikaja mara mbili na wewe ukamuandikia mtu amelipa mara mbili. Hapo ndo unarudi kwenye mchoro wako, unagundua oda haiwezi kuwa na hali mbili tu za imelipwa na haijalipwa, lazima iwepo inasubiri, lazima iwepo imeshindikana, na lazima kila kolbeki uikague kwa namba ya muamala kabla hujagusa salio. Kakitu hako kamoja kanakufundisha zaidi ya mihadhara mitatu kuhusu kuaminika kwa mfumo, na kwenye intavyuu ndo wanakouliza.

Kasoro ya projekti ni ile ile ya asaimenti ila kwa kiwango kikubwa: siku ya kudifendi ikipita, inazikwa. Dawa zipo. Moja, muombe supavaiza awabadilishie sharti moja kubwa mwanzoni mwa semesta ya pili, wengi watakubali kwa furaha maana hakuna mwanafunzi aliyewahi kuomba hivyo. Mbili, na hii naipenda zaidi, msianze upya, chukueni projekti ya waliomaliza mwaka jana muiendeleze. Najua haina mvuto, kila mtu anataka aonekane ameunda chake, na kuna vyuo watakusumbua kwenye fomu ya pendekezo, ila hakuna njia ya haraka ya kuelewa kwa nini majina mazuri na mipaka mizuri ni muhimu kama kusoma kodi ya mtu aliyekwishaondoka na simu hapokei.

Tatu, andikeni maamuzi. Mtaalamu wa softwea Michael Nygard alipendekeza mwaka 2011 karatasi fupi kwa kila uamuzi: hali ilikuwaje, tumeamua nini, uamuzi uko hatua gani, na madhara yake ni yapi, mazuri na mabaya. Ukurasa mmoja tu, unakaa kwenye folda ile ile ya kodi. Ukifika mwezi wa nne mtu akauliza kwa nini tulichagua databesi ya PostgreSQL na sio MongoDB hamtaanza kugombana, mnafungua. Na sura ya usanifu kwenye ripoti inakuwa imeshajiandika nusu.

Fildi

Hapa nitapita haraka. Fildi ya wiki nane hivi kwa vyuo vingi vya huku, au atachmenti ya miezi mitatu kwa ndugu zetu wa Kenya, kwa maandishi ndo sehemu bora ya kujifunza akitekcha, unaingia ofisi yenye mfumo wenye umri wa miaka kumi, umebadilishwa na watu wengi, kila uchafu una sababu yake. Kwa kipimo changu fildi inafaulu kwa asilimia mia. Shida ni kwamba hauna uhakika wa kuushika huo mfumo. Wengi wanaishia kuweka antivairasi, kuvuta nyaya, kurekebisha printa ya uhasibu na kujaza logibuku kwa maneno yale yale "nilisaidia kitengo cha TEHAMA". Na siwalaumu ofisi pia, hakuna atakayempa mtu wa wiki nane funguo za seva ya mishahara.

Ukibahatika ukapata sehemu yenye timu ya madevelopa, usiombe kupewa kazi kubwa. Omba ukae pembeni ya bagi (kosa la programu) moja kuanzia inaporipotiwa mpaka inapotoka kwenye seva, na muulize mkubwa aliyepo hapo ni sehemu gani ya mfumo anaogopa kuigusa. Kila mfumo una hiyo sehemu na kila mkubwa anajua ilipo, akikueleza kwa nini umeshapata somo zima.

Open sosi

Hii inasahaulika kabisa huku kwetu wakati tuna bahati ambayo wengine hawana: mifumo miwili mikubwa ya open sosi ya afya duniani ina mizizi au matawi makubwa ukanda huu. OpenMRS, mfumo wa rekodi za wagonjwa, ilianza kufikiriwa 2004 kutokana na mahitaji ya kliniki za UKIMWI za Eldoret, Kenya, na 2006 ikawa inatumika hapo. DHIS2, mfumo wa takwimu za afya, inaratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Kenya iliisambaza nchi nzima 2011, Tanzania nayo wizara ya afya inaitumia, na UDSM wamekuwa kwenye mtandao wake kwa miaka mingi. Zote kodi iko wazi, zote kiini chake ni Java, lugha ambayo wengi mmeipiga chuo.

Fungua databesi ya OpenMRS uone akitekcha kwa macho. Ungekuwa wewe na darasa lako ungeweka jedwali la mgonjwa lenye kolamu ya uzito, presha, joto, CD4. Wao hawakufanya hivyo. Kuna jedwali linaitwa obs, kila kipimo ni mstari mmoja: mgonjwa nani, lini, na dhana gani, thamani inaingia kwenye kolamu ya namba, ya maandishi, ya tarehe au ya jibu la kuchagua kwenye orodha kutegemea aina yake, na dhana zenyewe zinaishi kwenye kamusi yake pembeni. Maana yake kliniki ikitaka kuanza kurekodi kitu kipya kesho, hakuna anayegusa muundo wa databesi, wanaongeza dhana tu. Bei yake? Ripoti. Kutoa orodha ya wagonjwa na vipimo vyao vitano kwa mstari mmoja unaliunganisha jedwali lile lile mara tano na seva inahema. Hakuna kurasa za noti zitakazokuonyesha biashara ya kutoa hiki ili upate kile waziwazi namna hii. Angalia pia kolamu ya voided: rekodi ikikosewa haifutwi, inawekewa alama kwamba imebatilishwa, na nani, lini, kwa sababu gani, maana kumbukumbu ya mgonjwa hauwezi kuifuta kama meseji ya WhatsApp.

Kwa kipimo changu open sosi inafaulu vizuri sana, kwa sababu kila unachofanya ni kubadilisha kilichopo, na kuna mtu upande wa pili atakataa pul rikwesti yako (ombi la kuingiza mabadiliko yako) na kukueleza kwa nini, bure. Ila tuseme ukweli, ina gharama ya bando (kujenga mradi wa Java kwa zana ya Maven mara ya kwanza kunashusha vitu vingi, nenda ukatumie waifai ya chuo usiku), Kiingereza cha kuandika lazima kiwe kinaeleweka, na wiki za mwanzo utajiona mjinga maana mfumo ni mkubwa na hakuna wa kukushika mkono. Ukivumilia, kuna Google Summer of Code, mpango wa Google wa kuwaingiza watu wapya kwenye open sosi, ambayo ipo tangu 2005 na inalipa, na OpenMRS imekuwa ikishiriki kwa miaka mingi.

Tukiziweka ubavu kwa ubavu

Hela: darasa na projekti ziko ndani ya ada, fildi inakula nauli na chakula na mara nyingi hakuna posho, open sosi ni bando na umeme. GPA: darasa linahesabika moja kwa moja, projekti ina uzito mkubwa na ukiifanya vizuri inabeba, fildi inapewa alama kwa ripoti yako na supavaiza akitembelea, open sosi ni sifuri kabisa, chuo hakijui hata kama ipo. Ushahidi wa kumuonyesha mwajiri: hapa mambo yanapinduka, open sosi inakuwa ya kwanza kwa mbali maana kila mstari wako unaonekana na jina lako, projekti ya pili kama ipo GitHub na ina maelezo, fildi inakupa mtu wa kukudhamini kwa simu, na darasa linakupa herufi kwenye transkripti. Uhakika wa kujifunza hata usipojituma: darasa linashinda, nyingine zote ukilala nazo zinalala.

Kwa hiyo kama uko Computer Science, GPA yako imekaa vizuri na unataka kwenda masters, chukua somo, maana huko mbele watadhani unayajua haya maneno. Kama GPA inapumulia mashine na somo lina sifa ya sapu (mitihani ya marudio) nyingi, liache bila aibu, soma yale ya Parnas mwenyewe, yanaisha kwa jioni moja, halafu projekti yako ya mwisho ibebe akitekcha kwa nguvu zote. Kama una miezi mitatu ya likizo na fildi uliyopata inanukia printa, nenda kwa ajili ya logibuku, jioni fungua OpenMRS. Anayefanya kazi tayari huku anasoma jioni, wewe darasa ndo lako, mabadiliko unayo ofisini kila siku, unachokosa ni majina ya kuyaita na hoja za kumshawishi bosi.

Na kabla hujabofya kusajili, tafuta pasti pepa za UE za hilo somo za miaka miwili mitatu nyuma, steshenari za jirani na chuo huwa wanazo. Ukikuta maswali ni taja, orodhesha, eleza faida tano za MVC (mtindo mmoja wa kuigawa programu sehemu tatu), basi chukua likiwa la lazima tu. Ukikuta mfumo umeelezwa nusu ukurasa, halafu swali linasema mteja kaongeza sharti hili, onyesha moduli zipi zitaguswa na ungepangaje zisiguswe nyingi, sajili siku hiyo hiyo, hata kama wanasema yule lekchara kalamu yake nyekundu haina huruma.